Mbona bado sijachukua uraia wa huku

Watu wananiuliza sana mbona sijachukua uraia wa Marekani wakati ile miaka mitano ya grini kadi, yani kadi ya ukaazi wa kudumu, unayotakiwa kukaa kabla ya kuomba ilishapita zamani. Ngoja leo niseme.

Grini kadi sio mchezo, nisiibeze, unafanya kazi, unanunua nyumba, unalipa kodi kama wao. Kura tu ndo hupigi. Ila ile ni ruhusa, na mwenye ruhusa anaishi kwa kuhesabu. Mama alipougua nilikaa nae Muheza miezi saba, na kila jioni nilikuwa nasimama mbele ya kalenda ukutani nahesabu siku, maana ukipitisha miezi sita nje ile hesabu ya kuombea uraia inaingia mashakani, na ukipitisha mwaka bila kibali cha kurudia unaweza kukuta kadi yenyewe ndo basi. Mama akaniuliza, mwanangu unahesabu nini hapo kila siku? Nikamwambia nahesabu dozi zako mama. Mpaka leo inaniuma ule uongo.

Raia hahesabu hivyo. Raia anaenda kumuuguza mzazi mpaka mwisho.

Sasa utasema si uchukue tu. Kwetu Tanzania, tofauti na wenzetu Wakenya walioruhusiwa uraia pacha na katiba yao ya 2010, mtu mzima ukichukua uraia wa kwingine kwa hiari yako wa kwetu unaondoka. Mjomba wangu alichukua. Mama alipofariki tulisafiri wote, kufika Dar mimi nikapita kwa wenyeji, yeye akaenda foleni ya wageni, dola 100 za viza, na kijana wa dirishani anamuuliza kwa adabu zote, shikamoo mzee, unakaa siku ngapi? Mtu anaenda kumzika dada yake! Mjomba akaitikia marahaba, akakaa kimya kidogo, akasema mpaka arobaini mwanangu.

Najua bunge letu limeshapitisha hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine, na ni hatua, nashukuru kweli. Lakini hadhi unaiomba, unapewa, na kura bado hupigi, yani kwangu mimi hiyo ni grini kadi nyingine, tofauti yake hii unaiombea nchi uliyozaliwa. Mimi nataka uraia pacha, na sioni kwa nini mtu aliyesomeshwa na kijiji, anaetuma hela za ada na za hospitali kila mwezi, aambiwe achague.

Mjomba ana shamba la michungwa Muheza, miche kapanda kwa mkono wake, na kwa sababu kabla ya hiyo hadhi maalum asie raia alikuwa hamiliki ardhi ila kwa uwekezaji, shamba lile lipo kwa jina langu. Kila mwaka kabla ya msimu ananipigia, tukishasalimiana swali la kwanza ni kama pasi yangu ya Tanzania bado haijaisha.