Ukimwaga oili mwenyewe, waranti utaidai kwa karatasi gani?

Shemeji yangu anakaa Makorora hapa Tanga, mwaka juzi alichukua pikapu mpya, mpya kweli, ina waranti ya miaka 3 au kilomita 100,000 kinachotangulia. Ni mtu wa spana, oili anamwaga mwenyewe tangu enzi za Mark II yake ya zamani. Sasa wakala aliyemuuzia yuko Dar, na Tanga mpaka Dar kupitia Segera na Chalinze ni kama kilomita 350, kwenda na kurudi 700, na kitabu cha gari kinataka sevisi kila kilomita 5,000. Piga hesabu hapo, asilimia 14 ya mwendo wote wa kipindi kile inaishia njiani kufata hiyo sevisi yenyewe, bado dizeli, bado siku nzima ya kazi imekwenda. Akasema hapana, ntafanya nyumbani. Mi simlaumu hata kidogo.

Shida imekuja ingini ilipoanza kula oili, kilomita 40,000 na kitu. Wakala kamuuliza swali moja tu, rekodi za sevisi ziko wapi. Risiti alikuwa nazo zote, alikuwa anazichomeka kwenye kile kikinga jua juu ya kichwa cha dereva. Lakini karatasi ya risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi dukani, haina wino jamani, maandishi yanatokea kwa joto la mashine, kwahiyo gari ikishinda juani vioo vimefungwa, nyingine inageuka nyeusi yote na nyingine mwanga unaifuta inabaki nyeupe. Alipozitoa hamna hata moja iliyosomeka. Kila mwezi ule alioandika "nimemwaga oili" kwenye kidaftari chake ulikuwa kweli, mi mwenyewe nimemshikia taa mara mbili tatu, ila hakuwa na kitu cha kumuonyesha mtu asiyemjua.

Vijana wakampa moyo, ooh hawawezi kukunyima, sheria inakulinda, tumeona kwenye video. Hizo video nyingi ni za Marekani, na sheria wanayoitaja ni Magnuson-Moss ya mwaka 1975, ambayo kweli inamzuia mtengenezaji kukulazimisha utumie kipuri cha jina fulani au gereji fulani ndo waranti iendelee, labda akupe bure hicho kipuri au hiyo sevisi, au awe ameruhusiwa rasmi. Ndo maana Mmarekani anamwaga oili uani kwake bila wasiwasi. Lakini hata huko mtengenezaji ana haki ya kukuuliza ushahidi kwamba oili ilibadilishwa kwa wakati, na akionyesha kwamba uharibifu umetokana na wewe kuzembea, anakataa na anakuwa na haki. Halafu ni sheria ya kwao. Gari iliyonunuliwa Tanzania kinachoanza kukubana ni kile kijitabu cha waranti ulichosaini.

Na hapo kwenye kijitabu ndo watu wengi hawafiki. Kuna maneno ya aina mbili na tofauti yake ni kubwa. Kimoja kitasema sevisi ifanyike kwa ratiba hii na kwa oili ya kiwango hiki, basi, hakisemi nani afanye. Kingine kitasema sevisi ifanyike kwa wakala aliyeidhinishwa. Kama chako ni cha kwanza, rekodi nzuri ni silaha kamili. Kama ni cha pili, hata uandike daftari kwa dhahabu utakuwa unaomba huruma, na mi naona bora ukaongee na wakala kabla, kwa barua pepe, umwambie niko Tanga, naomba nibadili oili mwenyewe kwa kiwango mnachotaka, majibu yake uyatunze kuliko hata risiti.

Upande wa wakala nao tuutendee haki. Ingini ikija kwake imejaa tope ndani, atajuaje kama umekaa na oili ile ile kilomita 15,000? Daftari mtu anaweza kuliandika lote usiku mmoja kwa peni moja. Oili feki zipo, filta ya bei ya chini inaingia vizuri tu lakini ndani hamna ule mpira wa kuzuia oili isirudi chini ukizima gari. Na yeye wakala pesa ya ingini mpya haitoi mfukoni, anaidai kiwandani, na kiwandani wanataka karatasi. Ila na mimi namuuliza, muhuri wa gereji kwenye kitabu unathibitisha nini zaidi? Unathibitisha gari ilifika. Kama fundi alibadili filta au aliifuta vumbi tu akairudisha, muhuri hausemi. Anayefanya mwenyewe anajua ameweka washa mpya kwenye nati ya kumwagia, anajua ameweka oili ya uzito unaotakiwa, tuseme 5W-30, na sio kilichobaki kwenye pipa.

Kwahiyo kinachotakiwa ni vitu ambavyo huwezi kuvitunga baadae. Siku ile ile unapiga picha kilomita kwenye dashibodi, kopo la oili upande wenye kiwango na namba ya toleo, filta mpya yenye namba yake ikiwa pembeni ya ile ya zamani, na risiti kabla haijafifia, zote unajitumia kwenye barua pepe ili tarehe ibaki. Dukani mbane muuzaji aandike oili gani na filta gani, risiti iliyoandikwa "vipuri" tu haina msaada. Na lita ziendane, maana ingini ikinywa lita 7 na nusu halafu risiti zako zote zinasema 4, umejimaliza mwenyewe. Kama unapanda Mombo kwenda Lushoto na mzigo kila wiki, au unashinda kwenye vumbi, angalia ratiba ya mazingira magumu kwenye kitabu, muda unakuwa mfupi na rekodi zako zionyeshe hivyo.

Na wakala asitumie oili kukataa kila kitu. Kioo cha dirisha hakipandi, taa inaingiza maji, hivyo havihusiani kabisa na nani alimwaga oili, udai tu.

Sisi wenye IST na Noah zilizotoka Japani zimetumika, waranti ya kiwanda hatuna, daftari letu linamsaidia fundi na mnunuzi wa kesho, hilo ni jambo jingine.

Shemeji kilichomuokoa mpaka sasa ni simu. Dukani alikuwa analipa kwa simu, akaomba taarifa ya miamala kwenye kampuni ya mtandao, tarehe na jina la duka vikatoka vyote. Kati ya mara 8 zimeonekana 6, mbili alilipa keshi. Wakala amezipokea, amekubali kuifungua ingini aangalie ndani kabla hajasema ndiyo au hapana, na gari iko Dar toka juzi.