Picha zilizomcheka tapeli, zikamcheka na mkweli

Novemba 1801 mchora vibonzo James Gillray wa London alimchora mzee mmoja mnene, pua imemwiva kwa ulevi, ameketi kitini huku tabibu akimgusisha puani kijiti cha chuma. Pombe iko mezani, na gazeti lenye tangazo la tiba hiyo halipo mbali. Vijiti hivyo havikuwa vya kubuni. Mmarekani Elisha Perkins alivipatia hataza mwaka 1796, na mwanawe akaviuza London gini tano (sarafu ya Uingereza ya wakati huo) kwa jozi, akidai vinavuta maumivu yakatoka mwilini. Gillray alivicheka, na alikuwa na haki ya kucheka.

Juni 1802 alitoa kibonzo kingine. Mara hii tabibu ni Edward Jenner, anamchanja mkono mwanamke aliyekodoa macho kwa hofu. Waliokwisha kuchanjwa wamemzunguka, na ng'ombe wadogo wanawachomoza puani, mikononi, masikioni. Mvulana kashika ndoo ya usaha wa ndui ya ng'ombe. Mchoro ni wa kuvunja mbavu. Shida ni kwamba chanjo ile, ya kumkinga mtu na ndui kwa usaha wa ng'ombe, ilikuwa dawa ya kweli. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Marka, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetokomezwa.

Kwa hiyo kalamu moja, ndani ya miezi saba, ilimkejeli tapeli na ikamkejeli mkweli kwa ustadi uleule. Nalisema hili kwa sababu picha za waganga matapeli hupenda kukusanywa na kusifiwa kana kwamba sanaa ilikuwa mlinzi wa wagonjwa karne zote hizo. Sifa hiyo ina ukweli wake, ila si wote.

Wapo wanaomtetea Gillray. Wanasema hakuicheka chanjo, aliicheka hofu ya watu walioamini kwamba usaha wa ng'ombe utawaotesha pembe. Inawezekana kabisa, kichwa cha mchoro wenyewe kinaelekeza kwenye maandiko ya wapinga chanjo. Lakini vibonzo vyake vilitundikwa dirishani pa duka la Hannah Humphrey, mtaa wa St James's, na mpita njia alitazama, akacheka, akaenda zake. Mtu wa namna hiyo anaondoka na ng'ombe anayechomoza puani. Kejeli ya tabaka mbili haimfikii.

Aliyemaliza hoja ya vijiti vya Perkins alikuwa daktari, John Haygarth wa mji wa Bath. Mwaka 1799 alitengeneza vijiti vya mbao, akavipaka rangi vifanane na vya chuma, akawapitishia wagonjwa watano wa baridi yabisi. Wanne walisema wamepata nafuu. Kesho yake akatumia vya chuma, matokeo yakawa yaleyale. Jaribio hilo halichekeshi wala halipendezi ukutani, lakini linajibu swali ambalo picha ya Gillray haikuligusa: je, kitu hiki kinaponya? Perkins mwenyewe, kwa taarifa yako, mwaka huohuo alikwenda New York na dawa yake ya homa ya manjano, akaugua homa hiyo, akafa. Tapeli aliyejiamini kiasi hicho ni vigumu kumchora.

Upande wa pili wa mizani ni mzito pia. Sanaa inaweza kuonyesha kitu ambacho jaribio la Haygarth halikukigusa: jinsi watu wanavyonaswa. Mwaka 1652 Gerrit Dou wa Leiden, Uholanzi, alichora mganga wa barabarani amesimama nyuma ya meza yake ya dawa, na mbele kaweka cheti chenye lakiri kubwa. Umati umekodoa macho. Mama mmoja anasikiliza kwa moyo wote huku mwizi akimpekua. Mwingine anamtawaza mtoto. Chapati zinakaangwa palepale. Na nyuma ya mganga, dirishani, Dou amejichora yeye mwenyewe, kashika kibao chake cha rangi, anatutazama. Wengine husoma hapo kwamba mchoraji naye anakiri kazi yake ni kuhadaa macho. Mimi naupenda usomaji huo, kwa sababu unampunguzia mchoraji kiburi.

Ubaya unaanza pale picha inapotufundisha alama za kumtambua tapeli: nguo za kung'aa, maneno mengi, jukwaa, tamaa ya pesa. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, iliyosemwa kuponya Ukimwi. Bei ilikuwa shilingi 500. Mzee hakuwa na jukwaa wala majivuno. Kwa vipimo vya wachoraji wa Ulaya angepita bila kutiliwa shaka hata kidogo, na bado dawa yake haikuthibitika kuuponya ugonjwa huo.

Mchoraji wa Kiingereza William Hogarth ndiye aliyelikaribia jambo hili kuliko wote. Mwaka 1736 alichonga picha ya ngao ya dhihaka ya chama cha wazishi, yaani watu wa kuzika maiti. Chini kawapanga madaktari kumi na wawili wenye sifa rasmi, wananusa vichwa vya bakora zao, mmoja kachovya kidole kwenye chupa ya mkojo. Juu yao kaweka waganga watatu wasio rasmi waliovuma wakati ule: John Taylor wa macho, Sarah Mapp wa mifupa, na Joshua Ward wa vidonge. Wote ngao moja, wote wazishi. Mwaka 1750 Taylor alimpasua macho mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach mjini Leipzig, Ujerumani, mara mbili. Bach akapofuka kabisa, na Julai akafariki. Mapp, kwa upande wake, alikuwa na mkono wa kweli wa kuunga mifupa. Mkazi wa London aliyevunjika mguu mwaka 1736 akainunua picha hiyo angecheka sana, asijue kwamba kati ya wale watatu yumo mmoja wa kumwendea.