Kopi tatu za barua pepe, na zote zimeharibika

Uliza ofisi za hapa Mwanza zinazoendesha zenyewe Exchange, programu ya Microsoft ya seva ya barua pepe: barua pepe zenu zina kinga gani? Jibu ni lilelile: "Tuna kopi tatu, moja iko Bukoba, hatuna wasiwasi." Jibu hilo linaniudhi kwa sababu ni hatari. Kopi zinazokwenda sambamba zinakuokoa umeme ukikatika Nyegezi au diski ikifa. Lakini programu ya simu yenye hitilafu ikivuruga kalenda, au skripti mbovu ikifuta folda, Exchange inaona ni kazi halali. Inaiandika kwenye logi, yaani faili za kumbukumbu ya mabadiliko, na muda mfupi baadaye kopi zote tatu zina uharibifu uleule. Kiwanda cha samaki cha Ilemela chenye miadi yote ya wanunuzi wa Ulaya kwenye barua pepe kitarudi wapi?

Wekeni kopi ya nne inayochelewa. Logi zinaifikia mara moja, ila haziingizwi kwenye hifadhidata mpaka muda wa ReplayLagTime, yaani mpangilio wa ucheleweshaji, upite. Kikomo ni siku 14. Mimi nashikilia siku 7, zinazoandikwa 7.00:00:00. Wanaoweka saa 24 ili kubana diski wanajidanganya: uharibifu wa Ijumaa jioni hugunduliwa Jumatatu asubuhi, wakati kopi nayo imeshaumeza. Pigeni hesabu ya diski kwanza. Logi moja ni MB 1, hivyo hifadhidata inayotoa logi 20,000 kwa siku inadai karibu GB 140 kwa wiki. Nafasi ikiisha, Exchange inaweza kuanza kuziingiza logi yenyewe, na ule muda mliojiwekea ukapotea bila mtu kujua. Izuieni pia kopi hii isichukue zamu ya kopi kuu yenyewe, kwa amri ya Suspend-MailboxDatabaseCopy yenye -ActivationOnly, na mpandishe SafetyNetHoldTime (muda ambao Exchange hushikilia nakala za barua zilizokwisha kufikishwa) kutoka siku 2 za kawaida hadi 7.

Balaa likitokea, simamisheni kopi hiyo kabla ya kubishana nani kakosea. Nakilini hifadhidata na logi zake zote kwenye diski nyingine, mfanye kazi kwenye nakala hiyo tu. Tazameni saa za faili, wekeni kando logi zilizoandikwa tangu uharibifu uanze, futeni faili ya .chk (inayoonyesha logi zimeingizwa hadi wapi), kisha endesheni eseutil, zana ya Exchange ya kurekebisha hifadhidata, hivi: eseutil /r E00 /a, mkiweka kiambishi cha logi zenu badala ya E00. Ikigoma, kagueni kwa eseutil /mh: huenda mmeondoa logi iliyotajwa kwenye Log Required, orodha ya logi ambazo hifadhidata bado inazihitaji. Ikisoma Clean Shutdown, yaani imefungwa salama, ipandisheni kama hifadhidata ya uokoaji, mrudishe masanduku ya barua kwa amri ya New-MailboxRestoreRequest.

Nakubali, mvamizi mwenye mamlaka ya msimamizi ataifuta na kopi hii pia, kwa hiyo bakapu iliyo nje ya mtandao lazima ibaki. Na kwa barua moja tu iliyofutwa jana, msiiguse kopi hii kabisa. Barua hiyo hata ikiondolewa kwenye folda ya vilivyofutwa, Exchange huitunza siku 14 kwenye folda iliyofichwa ya Recoverable Items, kama hamjabadilisha.