Insha ya IELTS Haitaki Mapambo

Wengi wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hapa Nairobi hawana shida ya lugha yenyewe. Kiingereza wanakitumia kazini kutwa. Kinachowaponza ni insha waliyofunzwa shuleni. Enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliokuja 1985 na kuzikwa 2023, tulishindana kwa misemo: jua likichomoza aya ya kwanza, methali katikati, maneno mazito hadi mstari wa mwisho. Mwalimu alifurahi. Msahihishaji wa IELTS hafurahi.

Yeye ana vigezo vinne vyenye uzito sawa: umejibu swali, mawazo yanafuatana, msamiati unafaa, sarufi imekaa. Urembo haumo. Neno zito lililotumiwa vibaya linakushusha, wala halikupandishi.

Chukua swali la aina hii: je, serikali itumie fedha zaidi kwa usafiri wa umma kuliko barabara? Mtu wetu ataanza na jinsi binadamu alivyosafiri tangu zama za kale. Maneno hamsini yameisha na swali halijaguswa. Mimi ningetaka msimamo wake ujulikane mapema, sentensi ya pili hivi, kisha mfano anaoujua kwa macho yake. Nairobi Expressway ilifunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mwenye gari na pesa ya kulipia anapita juu. Huku chini kwenye Mombasa Road, abiria wa matatu bado anasota kwenye foleni. Huo ni mfano wa kubeba aya nzima, mradi aeleze unathibitisha nini: kwamba barabara mpya humfaa kwanza mwenye gari, ilhali basi moja lingebeba watu wa magari arobaini. Msahihishaji hajui Mlolongo ni wapi, basi mwambie ni mji ulio pembezoni mwa jiji. Na ukitaka kutetea barabara, tetea. Hapimi upande ulioegemea.

Zile insha za kukariri zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ziache. Ni mwakenya tu, yaani karatasi ya kuibia mtihani, ila umeubeba kichwani, na wasahihishaji wamefunzwa kuutambua.

Muda nao. Kuandika kote ni dakika 60 kwa kazi mbili. Hii insha ndiyo ya pili, angalau maneno 250, na uzito wake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Ipe dakika 40, hata ikibidi uianze kabla ya mwenzake, hakuna anayekukataza.

Katika hizo 40, tano za mwisho zisiandike kitu kipya. Soma ukitafuta makosa yetu sisi tuliokulia kwenye Kiswahili: "a" na "the" zilizorukwa, "he" inayomtaja mama, na vitenzi vinavyoanza aya vikiwa wakati uliopita na kuimaliza vikiwa wakati uliopo.