Hamira ya Uhandisi Jeni Ipimwe kwa Moto Inaouokoa

Hamira ya kawaida, ile ile inayoumua unga wa mkate, haiwezi kula wanga. Ni hodari wa kugeuza glukosi (sukari sahili) kuwa ethanoli, yaani pombe, lakini wanga ni minyororo mirefu ya glukosi, na seli ya Saccharomyces cerevisiae (jina la kisayansi la hamira hiyo) haina kimeng'enya, yaani protini ya kuvunjavunja chakula, cha kuikata. Ndiyo maana viwanda vya ethanoli huupika kwanza uji wa nafaka kwa joto la nyuzi 85 au zaidi pamoja na amilesi, kimeng'enya kinachoikata minyororo hiyo vipande vipande, kisha huupoza na kuutia glukoamilesi, kimeng'enya kinachovigeuza vipande hivyo kuwa glukosi, imalizie kazi, na ndipo huushusha hadi nyuzi 30 na kitu ambazo hamira huzistahimili. Vimeng'enya hivyo hununuliwa, na joto hilo hulipiwa.

Uhandisi jeni unakusudia kuifupisha safari hiyo. Jeni ya glukoamilesi huchukuliwa kutoka kwa kuvu, kwa mfano jamii ya Aspergillus, ikapandikizwa katika kromosomu za hamira, ili seli itoe kimeng'enya yenyewe huku ikichachusha. Jambo hili limekwisha kutoka maabara: hamira za namna hii zinatumika katika viwanda vya ethanoli ya mahindi nchini Marekani.

Mimi ni shabiki wa teknolojia hii, ila naona inasifiwa kwa jambo lisilo lake. Anayedhani kwamba italeta ethanoli maradufu anasahau kemia: gramu 100 za glukosi haziwezi kutoa zaidi ya gramu 51 za ethanoli, kwa kuwa karibu zote zinazobaki hutoka kama hewa ya ukaa, na kiwanda kinachoendeshwa vizuri tayari kinakikaribia kikomo hicho. Kinachoweza kuokotwa hapo ni chengachenga tu, kama vile sukari ambayo hamira huigeuza kuwa gliseroli.

Faida ya kweli ipo kwenye moto. Hamira ambayo ingemeng'enya wanga mbichi, bila uji kupikwa kabisa, ingefuta hatua nzima ya joto. Zile zinazouzwa kwa kawaida hupunguza tu glukoamilesi ya kununua, na sufuria bado inachemka. Kikwazo si kidogo. Chembe za wanga mbichi ni ngumu na humeng'enywa polepole, seli inayolazimishwa kutengeneza protini nyingi za kigeni hupungukiwa nguvu za kukua, na (jambo ambalo wapenzi wa jeni hulipita haraka) kule kupika huua pia bakteria wa asidi ya laktiki, ambao wakiachwa hai hugombea sukari ile ile na hamira.

Hata hilo likitatuliwa, ukenekaji, yaani kuitenga pombe na maji kwa kuichemsha kwa mvuke, utabaki pale pale, kwa sababu pombe itokayo kwenye pipa ni maji kwa sehemu kubwa, na hakuna jeni inayoyaondoa. Kwa hiyo muuzaji wa hamira mpya akinijia na takwimu za mavuno, nitamwomba kwanza hesabu ya mvuke kwa kila lita.