Sikupeleka sumu ukweni, ilikuwa jeli

Aisee, mlioisikia ile sauti ya dakika 4 inayozunguka kwenye magrupu, niazimeni masikio na mimi. Huyo anayesimulia huku kicheko kinamkaba ndiye mshenga wangu. Nauli ya Marangu nimemlipia mimi, viatu alivyovaa nimenunua mimi. Anasema nimepeleka sumu ukweni. Anasema nimevuja wino mbele ya wazee. Kuvuja nimevuja. Sumu nakataa.

Mnajua mambo yangu ya chuo, nimewachosha nayo mwaka mzima. Joto linalopotea bure: ubavu wa sufuria la ndizi za mbege, rejeta ya Hiace, kwapa lako mwenyewe. Joto ambalo halijafika nyuzi 100 haliwezi hata kuchemsha maji, basi hakuna anayeligombea. Mimi nimeligombea. Natengeneza hidrojeli, kitu laini kilichojaa maji, ukikivuta kinarefuka kama mpira wa manati, ukikiachia kinarudi. Kinagandishwa kwenye friza na kuyeyushwa, tena na tena, mpaka kishikane. (Friza ni ya mama mwenye nyumba, mwenye kuuza barafu za ukwaju. Hiyo kesi nyingine, tuiache.)

Nusu ya vipande ina ferosianidi na ferisianidi ya potasiamu, chumvi mbili za maabara zenye chuma ndani, njano kama juisi ya pasheni. Nusu ya pili ina kloraidi za chuma, kahawia kama chai ya rangi. Upande mmoja ukipata moto na mwingine baridi, elektroni zinahama, na njano inasukuma kinyume cha kahawia, kwa hiyo ukizipanga kwa zamu umeme unajumlishika. Kipande kimoja kinatoa milivolti 1 na ushei kwa kila nyuzi 1 ya tofauti. Ndiyo, ni kidogo. Ndiyo maana nilifunga vipande 60 kwenye mkanda mmoja wa kuvaa mkononi.

Kazi hii ina sheria moja: njano na kahawia zisionane uso kwa uso. Mtajua kwa nini.

Sasa ukweni imeendaje? Mchumba aliniponza kwa sentensi moja: "Baba ni mwalimu mstaafu wa fizikia." Nikaona basi, mbuzi wangu mmoja leo atahesabiwa wawili.

Julai, Marangu, ukungu mpaka mlangoni. Sebule ina watu kama 20, na makochi yamevaa vile vitambaa vyeupe vya kufuma, kila mkono wa kochi na chake, meza nayo na chake kikubwa chenye maua. Vyote kazi ya mama mkwe. Shikamoo zikaisha, mshenga akasema maneno yake, nikaona muda wangu umefika. Nikakunja mkono wa koti. Mkanda wangu huo hapo, umenikumbatia, na kitaa kimoja chekundu pembeni.

Hakikuwaka.

Ngozi ina nyuzi 33 hivi, na sebule ile, kwa pumzi za watu wote wale, haikuwa mbali sana. Nilikuwa na volti 0.3 na kitaa kinataka karibu 2. Mwalimu akavaa miwani. Akasogea. Akavua miwani. Mjomba mmoja akakohoa kile kikohozi chenye maana.

Hapo ndipo mtori ukaingia. Wa moto, unatoa moshi kama locomotive ya zamani ya Tanga. Nikamwambia Mwalimu, "Baba, naomba bakuli langu nikuonyeshe." Nikavua mkanda, nikauzungushia bakuli kwa nje. Bakuli lilikuwa nene kuliko mkono wangu, nikavuta. "Unavutika," nikatangaza, kifua mbele. Na kitaa kikaamka! Chekundu, chembamba, kama jicho la panya gizani. Makofi. Mwalimu akainuka kabisa: "Seebeck! 1821!" Seebeck ni yule aliyegundua umeme wa joto kwenye metali; si yeye hasa jamani, hapa ni kemia inayobeba mzigo, lakini ukweni husahihishi mtu.

Ningeishia hapo, leo mngekuwa mnanipongeza. Lakini shangazi akasema, "Hebu uvute zaidi tuone."

Nikavuta.

Naomba iandikwe popote itakapoandikwa kwamba jeli haikukatika. Kilichoachia ni ukuta wa silikoni kati ya kipande cha 31 na cha 32. Tone la njano likachungulia. Halina haraka, linashuka kwenye ubavu wa bakuli kama bibi harusi anayehesabu hatua. Upande wa pili, la kahawia nalo likatoka. Nikayaona yote mawili. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika mkanda. Yalikutana kwenye kitako cha bakuli, na papo hapo ikazaliwa bluu. Si bluu ya anga, wala ya sare ya shule. Bluu ya Prussia, ile iliyogunduliwa Berlin miaka ya mwanzo ya 1700 na wachoraji wakaichangamkia. Usiku mtupu. Ikanifuata kiganjani, ikaingia kwenye mkono wa shati, ikadondoka kwenye maua ya kitambaa cha meza. Tone. Tone. Nikanyakua kitu cha karibu nifute.

Cha karibu kilikuwa kitambaa cha kochi.

Nikafuta vizuri, kwa bidii, nikiwa natazamana na aliyekifuma. Halafu jasho likanitoka usoni, nikalifuta kwa kilekile.

Shangazi, muuguzi mstaafu, akauliza kwa upole: "Mwanangu, humo ndani kuna nini?" Na mimi, mjinga mkweli: "Ni ferosianidi ya—"

"SIANIDI?"

Vijiko vyote vikatua kwa pamoja. Watoto wakavutwa kwa kola. Mjomba wa kikohozi, ambaye hata bakuli langu hakuligusa, akakimbilia migombani kujitapisha. Mimi napaza sauti, uso nusu bluu: "Imefungwa na chuma, haiachii hivihivi! Hata kwenye chumvi ya mezani inawekwa kidogo isigande!" Wote wakageukia kikopo cha chumvi. "Na hii bluu ni dawa, anapewa mtu aliyemeza sumu ya thaliamu!"

Mama mkwe: "Nani kameza thaliamu?"

Yaliyobaki mafupi. Mtori ulimwagwa, sufuria zima. Mama akaviloweka vitambaa kwenye magadi. Bluu ikatoka, ikabaki kutu. Kwa simu nikashauri ndimu, maana ndimu inatoa kutu. Sikusema wasuuze kwanza ferosianidi iliyobaki, nayo ikakutana tena na chuma cha kutu. Bluu ikarudi. Mjomba mzima kabisa. Mwalimu anataka nirudi na mkanda mwingine, ila tukutane uwanjani, na mtori usiwepo.

Jana nimempeleka mshenga na jani la isale kuomba msamaha. Limepokelewa. Amerudi na nyongeza ya mahari, imeandikwa na mama mwenyewe kwenye kipande cha karatasi: uzi wa kufumia, madonge 12, rangi ya bluu.