Guitar Hero Live: Gitaa Limesingiziwa

Kwenye vibanda vya gemu vya Dodoma mfalme ni mpira, lakini gitaa la plastiki likitajwa tu, hukumu huwa ni ileile: Guitar Hero Live ya 2015, gemu ya kufuata wimbo kwa kubonyeza vitufe vya gitaa hilo, iliharibika kwa sababu walibadilisha gitaa. Vitufe 5 vya rangi vilivyozoeleka tangu 2005 viliondolewa, vikaja 6 vyeusi na vyeupe, na magitaa ya zamani yakageuka mapambo ya ukutani. Kwamba gemu ile iliwaangusha watu, hilo sina ubishi nalo. Ubishi wangu ni juu ya mshtakiwa.

Tazama mkono wa kushoto. Kwenye gitaa la zamani vitufe vyote vimelala mstari mmoja, na vidole vya kubonyeza ni vinne. Kiwango rahisi kinatumia vitufe 3, cha kati 4. Ukiingia kiwango kigumu kinaongezeka cha tano, kile cha rangi ya chungwa, na hapo kiganja lazima kiteleze kwenye shingo ya gitaa kisha kirudi kabla noti inayofuata haijafika. Wengi walikwama hapohapo. Sikio walikuwa nalo. Kilichowaangusha ni kidole cha mwisho, kifupi na kisicho na nguvu.

Gitaa jipya lilivipanga vitufe safu mbili: vitatu vyeusi juu, vitatu vyeupe chini. Kidole cha shahada, cha kati na cha pete kila kimoja kina kituo chake, na kazi yake ni kupanda na kushuka tu. Kwenye skrini njia ni 3: alama nyeusi imeelekea juu, nyeupe imeelekea chini. Zikija zote mbili kwa pamoja, unalaza kidole juu ya vitufe viwili, kama mpiga gitaa halisi anavyokilaza juu ya nyuzi. Anayeanza hupewa safu moja kwanza. Na kwa hesabu tupu, vitufe 5 vinatoa michanganyiko 31, vitufe 6 vinatoa 63. Hapa Ugogoni jambo hili halipaswi kumshangaza mtu: marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alipiga ilimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) kubwa zenye makumi ya vyuma, na hakuna aliyesema ile si ilimba tena.

Wanaolalamika wana hoja, na siibezi. Aliyecheza miaka kumi ana mkono unaojua njia bila kuuliza; kumnyang'anya rangi ni kumrudisha darasa la kwanza. Tena mwezi uleule, Oktoba 2015, gemu shindani Rock Band 4 ya Harmonix, hao hao waliotengeneza Guitar Hero mbili za mwanzo, ilitoka ikiyapokea magitaa mengi ya zamani. Kwa mfuko wa mchezaji, hiyo ni tofauti kubwa.

Lakini mkono hujifunza. Wiki chache zinatosha kuzoea safu mbili. Kuna kitu ambacho mazoezi hayawezi kukirudisha, nacho ni hiki: tarehe 1 Desemba 2018 Activision, kampuni yenye gemu hiyo, ilizima seva za GHTV, sehemu yake iliyorusha nyimbo na video zake, na nyimbo za kuchezwa zikashuka kutoka 484 hadi 42. Zimepotea 442. Katika kila nyimbo 100, zaidi ya 91 hazipo tena, ilhali diski ni nzima na gitaa ni zima. Ingekuwa diski imekwaruzika tungesema bahati mbaya. Nyimbo hizi hazikuwahi kuwa mkononi mwa mnunuzi. Zilikuwa zinarushwa tu kupitia intaneti, na ukitaka kuchagua wimbo wako unalipa tokeni kila unapoucheza. Kuununua ukawa wako moja kwa moja haikuwezekana.

Kwa mtu wa bando, hesabu ilikuwa mbaya hata kabla ya seva kuzimwa. Chukua video ya megabiti 3 kwa sekunde: dakika moja inakula takriban MB 22, wimbo wa dakika 4 MB 90. Gemu ya mdundo ni kurudia, na kuurudia wimbo mmoja mara 20 hadi vidole vikubali ni karibu GB 1.8, kwa wimbo huohuo ambao ungekuwa kwenye diski usingekula hata MB moja. Mtandao ukiyumba katikati, umekatika na wimbo wako.

Watetezi wa mfumo ule husema zamani nyimbo za nyongeza ziliuzwa mmojammoja, kumbe GHTV ilikuwa na chaneli zinazocheza usiku na mchana bila malipo, na nyimbo mpya zikawa zinaongezeka. Ni kweli, ilipendeza. Ilipendeza kwa miaka mitatu. Mapema 2019 kampuni ilikubali kuwarudishia fedha baadhi ya wanunuzi wa Marekani; gitaa lililofika huku kwa mtumba halikuja na haki hiyo.

Na gitaa lenyewe limeishi kuliko gemu yake. Clone Hero, programu ya bure ya kompyuta, ina uchezaji wa vitufe 6. Ukilikuta la mtumba, kabla ya bei uliza kile kifaa kidogo cha USB kinachopokea mawimbi yake: bila hicho gitaa la Xbox One au la PS4 halizungumzi na mashine yoyote, na cha Xbox One hakikubali PS4. Linatumia betri 2 za AA. Fungua kifuniko uangalie kutu kwenye vyuma. Bonyeza kila kitufe peke yake, kisha viwili viwili. TV iweke kwenye hali ya gemu, maana usafishaji wa picha unaweza kuichelewesha hata sehemu ya kumi ya sekunde, na noti uliyoipiga sawasawa itahesabiwa umekosa. Pima ucheleweshaji wa sauti na wa picha kila mmoja kivyake, na sabufa iunganishe kwa waya. Bluetooth inachelewesha sauti kiasi cha kukuharibia mdundo wote.